Mtoto Anachechemea, Mgongo Unamuuma: Mwongozo wa Kugundua na Kutibu Kifua Kikuu cha Mifupa kwa Watoto

Mtoto anayelalamika mgongo kwa zaidi ya wiki mbili ahesabiwe kuwa ana ugonjwa mpaka vipimo viseme vinginevyo. Mtu mzima anaweza kuumwa mgongo kwa sababu ya jembe, ndoo ya maji au siku nzima juu ya bodaboda. Mtoto wa miaka minne hana sababu hizo. Vivyo hivyo kwa anayechechemea wiki ya tatu sasa, au goti lililovimba bila kuwa la moto na haliponi kwa dawa za maumivu.

Mwongozo huu nimeuandikia watu wawili: mzazi anayeona kitu hakiko sawa na hajui aanzie wapi, na tabibu au muuguzi wa zahanati au kituo cha afya ambaye ndiye wa kwanza kumwona mtoto. Mifano ni ya Tanzania, lakini njia ni ileile Kenya, Uganda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Ugonjwa unafikaje kwenye mfupa? Mtoto huvuta hewa yenye vimelea vya TB, karibu kila mara kutoka kwa mtu mzima anayekohoa: baba, bibi, dada wa kazi, jirani anayempakata jioni. Vimelea huingia kwenye mapafu, na baadhi hupita kwenye damu na kutua mahali penye damu nyingi. Kwa mtoto, mahali hapo ni sehemu za mfupa zinazokua. Vinaweza kukaa kimya miezi au miaka, kisha vikaanza kula mfupa. Karibu nusu ya kifua kikuu chote cha mifupa hushika uti wa mgongo. Nyonga na goti hufuata. Kwa watoto wadogo hushika pia mifupa ya vidole, kidole kikavimba katikati na ncha yake ikabaki nyembamba.

Kwenye mgongo vimelea hupenda upande wa mbele wa pingili mbili zinazopakana. Pingili zikiliwa kwa mbele, uti hulalia mbele, na nyuma hujitokeza nundu. Hicho ndicho kibiongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, miaka 103 kabla Robert Koch hajatangaza kuwa amekiona kimelea chenyewe, tarehe 24 Machi 1882. Leo dawa zinaponya maambukizi, na kwetu zinatolewa bure kwenye vituo vya serikali. Lakini dawa haiurudishi mfupa ulioliwa, na kwa mtoto nundu inaweza kuendelea kukua hata vimelea vikiwa vimekufa, kwa sababu mbele hakukui na nyuma kunakua. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye hatua za mwanzo. Watoto wengi tunawapoteza pale, kabla hawajameza hata kidonge kimoja.

Hatua ya 1: Chukua historia bila haraka

Uliza kwanza ilianza lini. TB ya mifupa huja polepole, wiki hadi miezi. Ukisikia "juzi alikuwa mzima, leo mguu haugusiki na homa ni kali", unashughulika na kitu kingine, na nitakieleza hapo chini.

Halafu utaambiwa mtoto alianguka. Karibu kila familia inakumbuka mtoto alivyoanguka, kwenye mti, kitandani au shuleni, na kumbukumbu hiyo ni ya kweli. Watoto huanguka kila siku. Mara nyingi mwanguko huo ndio uliowafanya watu waangalie mahali palipokuwa panaumwa tayari. Kuteguka kwa kawaida huanza kupona ndani ya siku chache. Kama wiki ya tatu hali ni ileile au mbaya zaidi, habari ya kuteguka iishie hapo.

Uliza kuhusu usiku. Mtoto mwenye TB ya nyonga au mgongo anaweza kulala vizuri kisha akashtuka kwa kilio kikali katikati ya usiku, akalala tena, akalia tena. Mchana misuli hukaza na kulinda kiungo. Akilala misuli hulegea, kiungo kinasogea, maumivu yanamwamsha. Familia nyingi husema ni majinamizi au amechezewa, na wengine humpeleka akazungushiwe hirizi. Mwulize mama swali hilo moja kwa moja, maana hatalitaja mwenyewe akidhani halihusiani.

Kisha uliza haya: nani nyumbani amekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Nani ametumia dawa za TB miaka miwili iliyopita, na je, alimaliza? Mtoto anapungua uzito au amesimama palepale? Hapa kadi ya kliniki ni shahidi mzuri, kwa hiyo angalia mstari wa ukuaji miezi sita nyuma. Anatoka jasho usiku? Ameacha kucheza? Mtoto aliyekuwa anakimbia na wenzake, sasa anakaa pembeni anawatazama, hajawa mpole. Anaumwa. Uliza pia hali ya VVU ya mtoto na mama, kama kuna selimundu (sikoseli) katika familia, na kama wanakunywa maziwa mabichi. Ng'ombe nao wana aina yao ya TB, na inapita kwenye maziwa yasiyochemshwa.

Kovu la BCG begani lisikutulize. Chanjo hiyo inawakinga watoto wadogo dhidi ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima, lakini haimhakikishii mtoto kwamba mifupa yake haitashikwa.

Hatua ya 2: Mvue nguo, umtazame mwili mzima

Mgongo haupimwi juu ya shati. Mvue mtoto abaki na chupi, mama akiwepo, mahali penye mwanga.

Msimamishe umtazame kwa nyuma na kwa ubavu. Pitisha kidole taratibu kwenye pingili zote kuanzia shingoni hadi kiunoni. Unatafuta pingili moja iliyojitokeza kuliko nyingine. Nundu ya mwanzo ni ndogo sana, pengine kidole kinaihisi kabla jicho halijaiona. Gonga polepole kwa ncha ya kidole uone panapouma.

Weka sarafu au peremende sakafuni umwambie aiokote. Mtoto mzima huinama. Mwenye mgongo mgonjwa huchuchumaa kwa magoti huku mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja ukishika paja, na huinuka kwa kujisukuma kwenye mapaja yake. Kipimo hiki hakina gharama, na kwa maoni yangu kila mhudumu wa zahanati angepaswa kukijua kama anavyojua kuhesabu pumzi za mtoto mwenye nimonia.

Mwangalie anavyotembea. Mwambie atembee kwa vidole, kisha kwa visigino. Akijikwaa mara kwa mara, au miguu imeanza kukaza na kupishana kama mkasi, mishipa ya fahamu mgongoni inabanwa. Sukuma unyayo wake kwa ghafla kuelekea juu. Mguu ukianza kurukaruka wenyewe ni dalili hiyohiyo.

Mlaze chali. Nyonga moja ikibaki imekunjwa na kuinyoosha kunamliza, fikiria mambo mawili: ama nyonga yenyewe ni mgonjwa, ama kuna usaha uliotoka mgongoni na kuteremka ndani ya msuli mkubwa wa kiuno hadi kwenye kinena. Shika kinena, utafute uvimbe laini usio na joto. Majipu ya TB hayachomi wala hayawi mekundu kama majipu mengine. Pima mzunguko wa mapaja yote mawili kwa utepe, umbali uleule juu ya goti. Paja la upande mgonjwa hukonda mapema.

Malizia kwa shingo, tezi, mapafu na tumbo. Mtoto anayeshika kidevu kwa mkono au kugeuza mwili wote badala ya shingo, msimgeuze kichwa kwa nguvu hata kidogo.

Hatua ya 3: Jua wa kupeleka hospitali leo hii

Mtoto yeyote kati ya hawa asisubiri kliniki ya wiki ijayo: miguu inayolegea au kukaza, aliyeanza kujikojolea wakati alishaacha, mwenye shingo inayouma pamoja na shida ya kumeza au kupumua (usaha unaweza kuwa nyuma ya koo), mwenye kichwa kuuma, kutapika na kusinziasinzia (fikiria TB ya ubongo), na mwenye homa kali na kiungo kisichogusika kabisa. Huyu wa mwisho pengine ana usaha wa bakteria wa kawaida ndani ya kiungo, na kiungo hicho kinaweza kuharibika ndani ya siku chache asipofanyiwa upasuaji wa kusafishwa.

Anayetiliwa shaka ugonjwa wa mgongo au shingo asafirishwe amelala, si kwa kupakatwa kwenye pikipiki.

Hatua ya 4: Picha na vipimo vya damu

Eksirei ndiyo ya kwanza, na lazima iwe ya pande mbili, mbele na ubavu. Picha ya mbele peke yake inaweza kuficha pingili iliyobonyea. Kwenye mgongo tafuta nafasi iliyopungua kati ya pingili mbili, kingo zilizoliwa, pingili iliyosagika kwa mbele, na kivuli cha usaha pembeni ya uti. Saratani mara nyingi hula pingili na kuiacha nafasi ya diski, yaani gegedu lililo kati ya pingili mbili. TB huanza kwa kuipunguza. Kwa nyonga na goti piga pande zote mbili ili ulinganishe.

Mfupa hupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla picha haijaonyesha chochote, hivyo eksirei safi kwa mtoto anayeendelea kuumwa haijamaliza kazi. Rudia baada ya wiki chache, au mpeleke kwenye MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kama inafikika. MRI huonyesha ugonjwa mapema na huonyesha kama uti wa fahamu umebanwa. Tanzania Bara njia ya kawaida ni hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza au Mbeya, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Familia ambayo haiwezi safari hiyo isikae nyumbani kungoja MRI. Uchunguzi makini na eksirei mbili nzuri zinatosha kuanza tiba kwa watoto wengi.

Altrasaundi inasahaulika, na ninaisisitiza. Hospitali nyingi za wilaya wanayo, haina mionzi, ni nafuu, na huonyesha usaha kwenye msuli wa kiuno au maji ndani ya nyonga vizuri sana. Pia humwongoza daktari anapovuta usaha huo.

Piga na eksirei ya kifua. Watoto wengi wenye TB ya mifupa wana mapafu yanayoonekana safi, kwa hiyo kifua safi hakifuti ugonjwa. Kikiwa na dalili, umepata ushahidi wa ziada na mahali pengine pa kupata sampuli.

Kwenye damu: ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama), picha kamili ya damu, kipimo cha VVU kwa kila mtoto, na selimundu. ESR ikiwa juu inaunga mkono tu, kwa kuwa hupanda kwa mambo mengi, lakini itasaidia baadaye kuona kama tiba inafanya kazi. Kipimo cha ngozi cha Mantoux kikitoa uvimbe wa milimita 10 au zaidi (5 kwa mtoto mwenye VVU au utapiamlo mkali) kinaonyesha kwamba kimelea kimewahi kuingia mwilini. Kikiwa hasi hakifuti chochote, hasa kwa mtoto aliyekonda.

Magonjwa yanayofanana nayo yasisahaulike. Mtoto wa selimundu huvimba vidole vya mikono na miguu kwa ghafla, na mifupa yake hushambuliwa sana na bakteria wa salmonela. Brusela, ugonjwa wa mifugo, hutoka kwenye maziwa hayohayo mabichi na huuma mgongo. Saratani ya damu huuma mifupa usiku na huambatana na upungufu wa damu. Ugonjwa wa nyonga uitwao Perthes humfanya mtoto wa miaka minne hadi minane achecheme bila homa wala kukonda.

Jambo moja kwa wenye maduka ya dawa na wanaoandika dawa: siprofloksasini na dawa za jamii yake zinapunguza makali ya TB bila kuiponya. Mtoto anapata nafuu wiki mbili, familia inaacha kufuatilia, ugonjwa unarudi ukiwa mbele zaidi na maabara hawaoni kimelea. Sindano za kotikosteroidi (dawa kali za kushusha uvimbe) ndani ya kiungo kilichovimba bila kujua sababu ni mbaya kuliko hizo.

Hatua ya 5: Tafuta sampuli, na itunze

Pale penye usaha unaofikika, uvutwe. Sindano ipite kwenye ngozi nzima, kwa juu ya jipu na kwa mshazari, isiingie moja kwa moja sehemu ya chini iliyonyemelea kupasuka. Ukichoma pale chini utaacha tundu litakalovuja usaha kwa miezi. Kwa sababu hiyohiyo jipu baridi, yaani hili la TB lisilo na joto, halipasuliwi kwa wembe zahanati, wala halichanjwi chale nyumbani.

Kisha linakuja kosa la chombo. Sampuli ya GeneXpert (Xpert kwa kifupi), kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya kimelea, na ya kuotesha vimelea iwekwe kwenye chupa safi isiyo na dawa, au kwenye maji chumvi ya hospitali. Formalini ni ya kipande cha nyama kinachokwenda kuangaliwa kwa hadubini ya patholojia, basi. Kikitumbukizwa chote kwenye formalini, vimelea vinakufa na hakuna atakayeweza kuvipima usugu wa dawa. Andika kwenye fomu: "mtoto, shaka ya TB ya mfupa, pima Xpert na oteshea". Usipoandika, maabara watafanya kipimo cha usaha cha kawaida.

GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa mbili tangu sampuli iingie kwenye mashine, na inasema kama kimelea kinasikia rifampisini, dawa kuu ya TB. Mfupa wa mtoto una vimelea vichache, hivyo jibu hasi haliondoi TB. Mtoto mwenye kikohozi au kifua chenye dalili anaweza pia kupimwa kwa makohozi, kwa majimaji ya tumboni yanayovutwa asubuhi kabla hajala, au kwa choo kikubwa, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali kwa watoto.

Hatua ya 6: Fanya uamuzi

Kuna watoto wengi ambao kimelea hakitaonekana. Historia ya wiki nyingi, mtu wa nyumbani mwenye TB, mtoto anayekonda, na picha inayoonyesha pingili mbili zilizoliwa pamoja na diski yao: hapo tiba inaanzwa. Mwongozo wa kitaifa na wa kimataifa unaruhusu kuanza kwa ushahidi wa kitabibu. Wasiwasi wa kumpa mtoto dawa asizohitaji ni halali, lakini dawa hizi watoto huzivumilia vizuri. Miezi mitatu ya kungoja uthibitisho inaweza kumgharimu pingili mbili zaidi.

Subiri na utafute rufaa pale picha haifanani na TB, yaani pingili imeliwa lakini diski ni nzima, au kuna mfupa mpya unaota kwa fujo, au damu ina seli zisizo za kawaida.

Hatua ya 7: Dawa

TB ya mifupa na viungo hutibiwa miezi 12. Miwili ya kwanza ni dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kumi inayofuata ni rifampisini na isoniazidi. Siku hizi kuna tiba fupi ya miezi minne kwa watoto wenye TB nyepesi ya mapafu, na wazazi wameisikia. Haihusu mifupa. Waelezwe mapema, la sivyo mwezi wa tano watauliza kwa nini mtoto wa jirani ameshamaliza.

Dawa za watoto zimeunganishwa kwenye tembe moja yenye ladha ya matunda, inayoyeyuka kwenye maji. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuzisambaza nchi nzima, mwaka 2016. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakivunja vidonge vichungu vya watu wazima kwa kisu wakikadiria nusu na robo. Tembe ya miezi miwili ya kwanza ina rifampisini miligramu 75, isoniazidi 50 na pirazinamidi 150. Mtoto wa kilo 4 hadi 7 hupewa moja kwa siku, kilo 8 hadi 11 mbili, kilo 12 hadi 15 tatu, kilo 16 hadi 24 nne. Ethambutoli ya miligramu 100 huongezwa pembeni kwa idadi hiyohiyo. Awamu ya pili ni tembe ya rifampisini 75 na isoniazidi 50, idadi ileile. Kuanzia kilo 25 mtoto anahamia dawa za watu wazima kwa kufuata uzito. Chini ya kilo 4 apangiwe na daktari.

Tembe zote ziyeyushwe pamoja kwenye maji safi kidogo, anywe papo hapo, kisha suuza kikombe anywe na masalia. Saa ileile kila siku, ikiwezekana kabla ya kula. Akitapika mara tu baada ya kunywa, mwulize mhudumu kuhusu kurudia. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, na mama aambiwe hivyo siku ya kwanza ili asiache dawa kwa hofu.

Mtoto asiyekula vizuri, mwenye utapiamlo au VVU aongezewe vitamini B6 kuzuia ganzi ya miguu. Mwenye VVU aanze ARV ndani ya wiki mbili baada ya kuanza dawa za TB, isipokuwa ana TB ya ubongo, ambapo daktari ataamua muda. Kama anatumia dolutegraviri, kipimo chake hutolewa mara mbili kwa siku maana rifampisini huipunguza kwenye damu.

Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, ikishauriwa na daktari Karel Styblo, na utaratibu uliojengwa hapa ndio uliokuja kusambaa duniani kwa jina la DOTS. Kiini chake ni kwamba mtu anayeaminika anamwona mgonjwa akimeza. Kwa mtoto, msimamizi huyo awe na jina. "Wote tunampa" huishia siku ambazo hakuna aliyempa. Chagueni mtu mmoja na msaidizi wake, na kila siku atie alama kwenye kadi.

Xpert ikionyesha usugu wa rifampisini, mtoto asianzishwe dawa hizi. Aunganishwe na mratibu wa TB wa wilaya. Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha, iliyoanza mwaka 1926 kama hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, ndiyo kitovu cha tiba ya TB sugu nchini, na dawa za sasa kwa watoto hazihitaji tena miezi ya sindano.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo, na kinachotisha bila kuwa hatari

Maumivu ya usiku huanza kupungua ndani ya wiki chache, hamu ya kula hurudi, uzito hufuata. Jipu linaweza kuvimba zaidi au kutokea jipya wakati dawa inafanya kazi, hasa kwa mtoto aliyeanza ARV karibuni. Hiyo ni kinga ya mwili iliyoamka. Mtoto aonwe na daktari, dawa iendelee.

Hatari ya kweli ni macho kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo upande wa kulia. Hapo simamisha dawa na mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani ini linaweza kuwa limeathirika. Ethambutoli mara chache hugusa macho. Mtoto anayejua rangi aonyeshwe nyekundu na kijani kila mwezi.

Hatua ya 9: Kuutunza mgongo na kiungo

Wazazi huuliza kama mtoto alazwe kitandani au afungwe plasta. Majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza huko Korea Kusini yalilijibu hili zamani. Mjini Masan walilinganisha wagonjwa wa mgongo waliolazwa miezi sita na waliotibiwa wakitembea. Mjini Pusan walilinganisha plasta ya kiwiliwili na kutokuwa nayo. Dawa zilifanya kazi sawa pande zote. Kwa hiyo mtoto mwenye miguu yenye nguvu na uti uliotulia anatibiwa akiwa nyumbani. Apumzike pale panapouma, asibebe ndoo, asibebe mdogo wake, asipande miti. Mkanda wa kiunzi unasaidia wengine, hasa wa shingo na wenye maumivu makali, kwa kupimwa na fundi wa viungo saidizi.

Kukanda, kuchua na kunyoosha mgongo kwa nguvu ni marufuku. Pingili iliyoliwa inaweza kusogea na kuubana uti wa fahamu, na mtoto aliyeingia kwa mkandaji akitembea akatoka amebebwa.

Nyonga na goti hukazana zikiwa zimekunjwa. Mwanzoni mguu huvutwa taratibu kwa uzito au kufungwa kipande cha kuunyoosha usiku. Maumivu yakipungua, mazoezi ya kukunja na kukunjua yaanze, mara kadhaa kwa siku, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia kisha mama mwenyewe. Kiungo kilichoachwa kikikaza kwa miezi hakirudi kirahisi.

Upasuaji huhitajika pale miguu inazidi kulegea licha ya dawa, usaha mwingi unabana, uti haujatulia, au nundu inakua. Mwambie daktari umri wa mtoto na idadi ya pingili zilizoharibika. Mtoto wa chini ya miaka 10 aliyepoteza zaidi ya mwili wa pingili moja na nusu yuko kwenye hatari ya kibiongo kikubwa, na anapaswa kuonwa na daktari wa upasuaji wa mgongo mapema, kabla nundu haijawa ngumu. Kunyoosha nundu ya miaka ni operesheni ndefu yenye hatari ya kupooza.

Hatua ya 10: Kufuatilia, miaka baada ya dawa kwisha

Kila mwezi apimwe uzito, na idadi ya tembe ibadilishwe uzito ukivuka ngazi. Mtoto akipona ananenepa, na tembe mbili za mwanzo hazimtoshi tena. Kila ziara apimwe nguvu za miguu na apitishwe kidole mgongoni. Eksirei irudiwe pale daktari atakapopanga, kwa kawaida miezi ya katikati na mwisho wa tiba, pande mbili zilezile, na picha zote zihifadhiwe nyumbani pamoja. Daktari wa mwaka wa tano atataka kuona picha ya mwaka wa kwanza.

Baada ya miezi 12, mtoto wa mgongo aonwe kila mwaka hadi amalize kukua. Wengine nundu hupungua yenyewe kadiri wanavyokua, wengine hubaki palepale, wengine huongezeka, hasa wakati wa kubalehe. Hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama mara moja. Andika kwenye daftari lake, kwa herufi kubwa, tarehe ya ziara ya mwaka unaofuata.

Nyumbani na shuleni

TB iliyo ndani ya mfupa peke yake haiambukizi kwa kukaa pamoja, kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Kama mapafu ni safi na hakuna tundu linalovuja usaha, mtoto anaweza kwenda shule afya yake ikiruhusu. Tundu likiwepo lifunikwe kwa bandeji safi. Mwalimu aelezwe asimpe kazi za kubeba na asimwadhibu kwa kuinamishwa.

Kuna mtu aliyemwambukiza, na anaweza kuwa bado anakohoa chumbani. Kila mtu wa nyumba hiyo apimwe TB. Watoto wengine wa chini ya miaka mitano, na yeyote mwenye VVU, wakionekana hawana ugonjwa wapewe dawa za kinga, kwa mfano rifampisini na isoniazidi kwa miezi mitatu. Kama familia inafuga au inanunua maziwa mabichi, yachemshwe mpaka yatokote. Mwambieni pia daktari kuhusu maziwa hayo, kwa sababu TB ya ng'ombe haisikii pirazinamidi, GeneXpert haiitenganishi na ile ya watu, na jibu la kuotesha litabadilisha dawa anazopangiwa mtoto.